Neno "Fye" na Mashine Yangu ya Nyasi Isiyo na Waya

Katika kazi ya nyasi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa nimekaa barazani, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba niliyoijenga kwa fyekeo. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu. Lakini toka Tunduma mpaka Vwawa, simamisha mtu yeyote uulize ni nani aliyekuwa anakata nyasi zikalala kama zulia, atataja jina langu kabla hujamaliza swali. Vijana wa kikundi changu wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Wamesema niandike kwa kifupi. Nimewasikia.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye yadi moja ya malori nje kidogo ya Tunduma, njia ya kwenda Mbeya. Mkuu wetu alikuwa Mzee Silwimba, Mnyiha wa kule Nanyala, mfupi, mkavu, anavaa koti hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza alinipa fyekeo, au kwanja kama tulivyozoea kuliita shuleni, akanionyesha kipande cha yadi, akaondoka bila kuniambia neno. Nilikata kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita. Nilikata kwa hasira kama mtu anayemfukuza mwizi. Nilipomaliza nikasimama kusubiri sifa.

Mzee Silwimba akatoa chungwa mfukoni mwa koti, akainama, akalisukuma kwa vidole viwili. Chungwa likaenda hatua tatu, likazama.

"Limeenda wapi?" akaniuliza.

"Limo humo kwenye nyasi, mzee."

"Mimi silioni."

"Lipo, mzee. Pale."

"Kama silioni, hujakata. Rudia."

Nilirudia mara tatu. Mara ya nne chungwa lilitembea mpaka kwenye tairi la lori, likagonga, likarudi nyuma kidogo. Akaliokota, akalimenya, akalila lote mbele yangu, mimi nikiwa sijanywa hata maji. "Kesho uje na la kwako," akasema.

Ndiyo maana hata nyinyi niliwafundisha kwa chungwa. Wengine mlidhani ni ushamba wa bosi. Ule ni mzani, na kwenye kazi yetu hakuna mzani mwingine usiodanganya. Macho yanadanganya, hasa ya aliyekata.

Mzee Silwimba ndiye aliyenifundisha kunoa upande mmoja tu wa bapa, tupa ikitembea kutoka kwako kwenda mbele, isirudi. Alinifundisha kuanza umande ukishakauka lakini shina likiwa bado na maji, kwa sababu nyasi kavu inalala chini ya fyekeo badala ya kukatika. Na kwenye yadi ya malori alinifundisha kupita kwanza kwa miguu nikipapasa, kwa kuwa nati moja ikirushwa na fyekeo inaingia kwenye kioo cha lori, na kioo cha lori hakisamehe. Sentensi zake nyingi hakuzimaliza. Alikuwa anasema, "Ukikata karibu na ukuta, halafu..." kisha anaondoka. Nusu ya ujuzi wangu nimeutafuta mwenyewe kwenye mwisho wa sentensi zake.

Kazi ngumu zilikuwepo. Mwaka wangu wa pili tulipewa kona moja ya yadi ambayo haikuguswa tangu lori fulani bovu liegeshwe pale. Nyasi zilikuwa zimenizidi kimo. Siku ya kwanza tulikata tukalifikia lori. Siku ya pili tukaendelea nyuma yake, tukakuta na trela. Mwenye yadi alikuja akasimama, akalitazama lile trela kama anatazama ndugu aliyerudi. Alikuwa amelitafuta mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kuna mtu alikuwa ameshafukuzwa kazi kwa kuliiba.

Baadaye nikaanza cha kwangu. Kwanza nikiwa peke yangu, halafu watu wawili, halafu saba, na mashine mbili za petroli zile za kuvuta kamba. Yote nimeyaanzisha kwa akili yangu, hakuna aliyenishika mkono, ukimtoa Mzee Silwimba, na yeye hakunishika mkono, alinilia chungwa.

Kisa kingine mnachokijua nusunusu ni kile cha Vwawa. Nawaandikia chote ili muache kukiongezea. Nilipata kazi kwenye uwanja wa ofisi moja kubwa. Wao wenyewe walikuwa na mashine ya umeme yenye waya mrefu, mpya, wakasema nitumie hiyo kwa sababu ile ya petroli inapiga kelele wakati wa vikao. Nikaichomeka dirishani. Mistari sita ilikwenda vizuri kabisa. Mstari wa saba niligeuka kwa haraka, mashine ikaula waya wake yenyewe. Ulipasuka mlio kama wa bisi, na jengo zima likawa giza, mafeni yakasimama, na ukimya ukatoka madirishani. Bwana mmoja mnene akatokea mlangoni.

"Umekata nini?"

"Nyasi, mheshimiwa."

"Na nini kingine?"

"Nyasi nyingine, mheshimiwa, zile ndefu."

Tangu siku hiyo mimi na waya hatupendani. Wekeni hilo akilini, ndilo lililonipeleka nilikopelekwa.

Kilichonistaafisha ni bega. Mwaka jana, asubuhi ya baridi, nilivuta kamba ya mashine ya petroli mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu bega likalia. Daktari alinipiga picha, akanionyesha, akasema nisivute kamba tena na nisirushe mkono juu ya bega. Nikamuuliza, na fyekeo? Akaniuliza, fyekeo unalirushia wapi? Basi nikajistaafisha nikiwa na miaka hamsini na nne. Mliniandalia pilau, nikawashukuru, na nikasimama mbele yenu nikamkabidhi Osia mwenzenu fyekeo langu la kwanza, lile la Mzee Silwimba. Nikasema maneno ambayo Osia ameyatunza kuliko alivyolitunza fyekeo lenyewe: "Mkiniona nimeshika tena fyekeo, au nimewaita mnikatie nyasi kwangu, niiteni mwanafunzi."

Nilisema vile kwa sababu ya pilau. Mtu aliyeshiba huwa anaahidi.

Sasa kwangu mnapajua. Mtaa mzima umemwaga saruji kwa sababu ya vumbi la malori. Uwanja wangu peke yake ndio wa kijani, hatua thelathini kwa ishirini, ukoka niliouotesha kipande kwa kipande. Mke wangu, Mama Tumaini, amekuwa akiutazama ukoka ule kwa jicho la mtu anayepiga deki. Anataka vitofali vya pevingi, vile vyekundu na vya kijivu vinavyopangwa kwa kupishana. Miaka yote nilimzuia kwa jibu moja, kwamba fundi wa nyasi hawezi kuishi juu ya saruji, watu watasema nini. Lakini baada ya bega, mvua za masika zilikuja, na nyasi hazikujua kwamba nimestaafu.

Tumaini, binti yetu, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Nanyala, na sendofu, ile sherehe ya kumwaga binti, ikapangwa kufanyika nyumbani, Jumamosi. Wiki mbili kabla, Mama Tumaini alinikuta nimesimama uwanjani.

"Baba Tumaini, jana kuku wametaga humu. Nimeyatafuta mayai kwa fimbo."

"Nitakata."

"Kwa kitu gani? Kwa bega hilo?"

"Nitakata."

"Waite akina Osia."

"Siwaiti."

Akanitazama kidogo. "Sawa. Jumamosi ya sendofu wakwe wakifika nyasi hazijakatwa, Jumatatu pevingi inaingia. Fundi nimeshaongea naye. Na zikikatwa, sitaitaja pevingi tena mpaka nife."

Mnaona mambo yalivyokaa. Nikishika fyekeo, mimi ni mwanafunzi. Nikiwaita nyinyi, mimi ni mwanafunzi. Nikikaa kimya, nalala Jumapili kwenye ukoka na Jumatatu naamka kwenye saruji. Hapo nikakata shauri kununua mashine ya betri, isiyo na waya na isiyo na kamba.

Kwa kuwa mtakuja kununua zenu siku moja, nawapa vipimo vyangu, na hivi nilivyovichagua nilivichagua sawasawa, msicheke. Kwa uwanja wa nyumbani, upana wa kukatia uwe kama sentimita arobaini. Ikiwa nyembamba sana utatembea kutwa, ikiwa pana sana haigeuki kwenye kona ya choo. Bodi iwe ngumu, na ikiwezekana ya bati, maana mawe ya huku hayaheshimu plastiki. Wenzo wa kupandisha na kushusha kimo uwe mmoja, usiwe wa kufungua gurudumu moja moja kwa spana. Ikunjike mpini ipate kukaa stoo. Uzito, uweze kuinyanyua kwa mkono usio na bega bovu. Na muhimu zaidi, betri yake iwe ya nguvu. Volti thelathini na sita kwenda juu, mashine inaula ukoka. Chini ya hapo utakuwa unazichana nyasi, huzikati.

Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kule kuna duka la vifaa vya bustani la bwana mmoja anaitwa Bwalya, kijana mpole, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mimi nimeishi mpakani maisha yangu yote, Kibemba cha kunitosha ninacho. Mulishani, yaani hujambo, natotela, yaani asante, na bei zote. Na ukimuuliza Mzambia hali yake, mara nyingi anakujibu "bwino fye", nawe unaona kwenye uso wake kwamba mambo ni safi. Kwa hiyo neno "fye" mimi nililiweka kichwani zamani sana kwamba maana yake ni "safi kabisa".

"Mulishani, batata?" Bwalya akanisalimia kwa heshima ya baba.

"Bwino fye," nikamjibu, akafurahi.

Akanionyesha mashine moja ya kijani. Sentimita arobaini na mbili. Bodi ya bati. Wenzo mmoja. Imeandikwa volti thelathini na sita ubavuni. Nikaizunguka, nikaigonga kwa kidole, ikatoa sauti ya kiume.

"Iyi ni bodi fye, batata," akasema Bwalya.

"Naona," nikasema. "Bodi fye."

"Mumeelewa? Bodi fye."

"Nimeelewa, mwanangu. Mimi ni fundi. Fye kabisa."

Akanikazia macho kidogo, akarudia mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa mdomoni. "Bodi. Fye." Nami nikaipiga ile bodi kofi la mapenzi. Akataja bei, nikataja nusu yake na ushee kidogo, na akakubali bila kubishana. Hapo ndipo mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilijiona nimemshinda Mzambia dukani kwake, na njia nzima ya kurudi nilimhurumia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sendofu, niliwaita. Sikuwaita ili mkate nyasi. Niliwaita mtazame. Mlikuja wote saba, mkapanga mstari kando ya ukuta kama wageni wa heshima, na Mama Tumaini akatoka na kiti akakaa barazani. Niliwaeleza kwamba mashine ya betri sifa yake ya kwanza ni ukimya. Niliwaambia inakata huku mtoto amelala. Nikashika mpini, nikabonyeza kitufe, nikabana wenzo.

Kimya.

"Mnaona?" nikasema.

"Tunaona, bosi," akasema Osia.

"Hata mtetemo hauna."

"Hata mtetemo."

Nikaanza kusukuma. Nilikwenda toka ukuta wa kushoto mpaka wa kulia, nikageuka, nikarudi. Nyasi zilikuwa zinainama vizuri mbele yake na kulala nyuma, na mimi, nasema kweli mbele yenu, niliamini inakata. Nilipita mistari mitano. Mlinifuata nyuma kwa heshima, mikono mgongoni, na kuna mmoja wenu alinong'ona, "Kweli dunia inakwenda mbele." Mstari wa sita Osia aliomba nisimame kidogo. Akatoa chungwa mfukoni, akainama, akalisukuma kwa vidole viwili.

Likaenda hatua mbili, likazama.

"Limeenda wapi?" akauliza, na sauti aliyoitumia ilikuwa ya Mzee Silwimba hasa, ingawa hakuwahi kumwona.

Niliipindua mashine. Bapa lilikuwa safi, linang'aa, halijaonja hata jani. Nikafungua kifuniko cha juu panapokaa betri. Palikuwa na nafasi, kubwa, ya pembe nne, na ndani yake karatasi ndogo iliyonitakia matumizi mema.

Mama Tumaini alinyanyuka na kiti chake. "Kweli haina kelele," akasema, akaingia ndani. Nikasikia anaongea na simu, na nikasikia neno pevingi.

Nilimpigia Bwalya pale pale. "Mwanangu, umenisahaulia betri."

"Sikusahau, batata. Nalikuambia. Bodi fye."

"Ndiyo, bodi safi, nimekubali. Betri je?"

Akaongea kwa upole wa mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Batata, fye ni 'tu'. Bwino fye, nzuri tu. Bodi fye, bodi tu. Betri na chaja ni bei ingine. Na sina. Inatoka Lusaka, inafika wiki ijayo."

Vijana wangu, miaka yote nimekuwa nikiwajibu Wazambia kwamba hali yangu ni nzuri tu, wao wananihurumia, na mimi najiona nimejitapa.

Ijumaa nilimtafuta Kenani, fundi umeme wa malori, kibanda chake kipo pale foleni ya kwenda mpakani inapoanzia. Nikamwekea mashine mezani. Akaipindua, akasoma ubavuni, akahesabu kwa vidole.

"Thelathini na sita. Betri ya lori ni kumi na mbili. Tatu zikishikana mkono, umefika."

"Betri ya lori haiingii kwenye hicho kitundu, Kenani."

"Nani kasema iingie? Itakufuata."

Yeye alikuwa na betri moja nzima. Nyingine mbili tulizipata kwa dereva Shaibu, mtu wa Dar, lori lake lilikuwa na siku ya nne halijasogea hata tairi kwenye foleni. Shaibu alikuwa anakosa cha kufanya kiasi kwamba alikuwa ameshafua mapazia ya kebini. Akakubali kutuazima betri zake kwa masaa mawili Jumamosi asubuhi, kwa sharti moja, kwamba zinapokwenda na yeye anakwenda. "Hizi ndizo roho ya gari," alisema.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukaanza. Betri tatu ziliwekwa kwenye toroli, zikafungwa pamoja, zikatoka waya mbili nene, zile za kubusti lori lililozimika, mpaka kwenye kitundu cha mashine. Mama Tumaini alileta kanga akazifunika, hakujua ni za nini ila alijua hazipendezi. Mimi nilishika mashine. Osia akashika toroli. Alihakikisha kwanza, mbele ya mashahidi, kwamba kusukuma toroli siyo kukata nyasi, na mimi nikakubali kwamba siyo. Kenani alitembea katikati ameshikilia waya zisiburuzike. Shaibu alitembea ubavuni, mkono mmoja juu ya kanga. Hiyo ndiyo mashine isiyo na waya.

Nikabonyeza. Ikawaka. Na ilikuwa na nguvu, jamani, kuliko mashine yoyote niliyowahi kuishika. Nyasi zilitoka ubavuni kama maji. Ila ilibidi twende wote kwa hatua moja, polepole, kwani Osia akichelewa waya zinavutika na akiwahi ananigonga visigino. Kwa hiyo tulikuwa tunatembea watu wanne, vichwa chini, toroli limefunikwa kanga, hakuna anayesema.

Wakwe walitakiwa kufika saa nane. Lakini ni wakulima wa kahawa, saa nane kwao ni jioni. Saa tatu na nusu Mzee Haonga, baba wa kijana, alikuwa getini na wazee wenzake wanne. Wakatuona tunakuja kwao na lile toroli. Wakavua kofia, wote watano, wakainamisha vichwa.

"Poleni sana," akasema Mzee Haonga tulipomfikia. "Hatukuwa na habari. Nani ametangulia?"

"Hakuna, mzee. Tunakata nyasi."

Aliitazama mashine, akazifuata waya kwa macho mpaka kwenye kanga, akamtazama Shaibu. Akavaa kofia. "Basi endeleeni," akasema, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae wapi, akajiunga nyuma ya Shaibu. Wazee wenzake wakamfuata. Tuligeuka tukiwa watu tisa.

Imebaki mistari mitatu, honi zikaanza kulia huko barabarani. Moja, halafu kumi, halafu foleni nzima. Shaibu akasimama, na kwa sababu mkono wake ulikuwa juu ya betri, wote tukasimama.

"Foleni imesogea," akasema.

"Mistari mitatu, Shaibu."

"Mzee, siku nne haijasogea. Leo imesogea. Lori langu limeziba njia, na roho yake iko kwenye toroli lako."

"Mistari mitatu. Mke wangu ataweka pevingi."

Akamgeukia Mama Tumaini aliyekuwa barazani, mikono kiunoni. "Ni kweli, mama?"

"Jumatatu," akasema Mama Tumaini.

Shaibu ni mtu mwenye nyumba yake pia, na mke. Akavuta pumzi. "Basi tukimbie."

Tukakimbia. Mimi na bega langu mbele, Kenani ameinua waya juu kama mtu anayevuka mto na nguo zake, Osia na toroli, Shaibu, Mzee Haonga ameshika kofia, na wazee wanne. Kwenye kona toroli lilizama, tukalivuta, likazama tena. Mstari wa mwisho ulipoisha Shaibu na Kenani walizing'oa waya, wakalitoa toroli getini mbiombio na kanga ya Mama Tumaini ikipepea. Hawakuwahi. Malori yalikuwa yameshamzunguka, na nafasi yake ya siku nne ilikwenda. Alikula na kulala kwangu siku mbili, na hakunilalamikia hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi.

Nikabaki katikati ya uwanja, natweta. Nikamwomba Osia chungwa. Nikainama, nikalisukuma kwa vidole viwili. Halikuzama. Lilikwenda wazi, linaonekana lote, likafika kwenye mfereji uliochimbwa na gurudumu la toroli, likatumbukia. Basi halikusimama. Uwanja wangu una mteremko mdogo. Likaufuata ule mfereji kama treni, likaenda mpaka ukutani, likazunguka kona, likarudi, likapinda tena, sote tunalisindikiza kwa macho, likatokea getini na kugonga kiatu cha Mzee Haonga. Akaliokota. Akalimenya. Akalila lote, taratibu, mbele yangu. Ni mtu wa Nanyala, sikumuuliza chochote.

"Zimekatwa," akasema Mama Tumaini. Ni mwanamke wa haki. Halafu akashuka uwanjani, akapima mfereji kwa kiganja. "Ila hii mitaro itawavunja wageni miguu. Na ahadi yangu ilikuwa ya nyasi, Baba Tumaini. Hii ni mitaro."

Sendofu ilikwenda vizuri, wageni wakiruka mitaro kwa adabu. Jumatatu fundi alikuja, akapanga vitofali vyekundu na vya kijivu ndani ya ile mifereji tu, kipande hakikuzidi. Sasa nina njia ya pevingi inayokwenda, inazunguka, inarudi, na haifiki popote. Wageni wanaisifia. Pande zote mbili ni ukoka, na ukoka ni wangu.

Betri ilifika kutoka Lusaka wiki iliyofuata. Inaingia kwenye kitundu, inakata vizuri, bega halilalamiki, na ni kimya kweli, kiasi kwamba kila nikimaliza mstari wa kwanza napeleka chungwa kuhakikisha imewaka. Mkinunua ya kwenu, nunueni yenye betri na chaja ndani ya boksi moja, mfungue boksi dukani mbele ya mwenye duka, na muulize kila neno lina maana gani, hata lile mnalolijua tangu utotoni.

Osia alikuja juzi kuniona. Akatembea kwenye ile njia mpaka ilipomrudisha alipoanzia, akaniambia kwamba wao uwanja kama huu wanaukata kwa elfu kumi na mbili. Nikamwambia najua, bei hiyo niliipanga mimi. Akaniuliza na hii imekula ngapi. Nikamhesabia yote, bodi, betri na chaja, kazi ya Kenani, siku mbili za Shaibu, vitofali, na chungwa moja la mia tatu: shilingi milioni moja, laki moja, elfu themanini na tatu na mia tatu.